Bunduki ya kulinda shamba: sheria inaomba nini?



Somo la mara hii si juu ya mbolea wala ugonjwa wa kakao. Ni juu ya bunduki, kwa sababu ku mashamba nimeulizwa swali hilo mara nyingi.

Siku moja baba mumoja, memba wa kikundi cha upande wa Mutwanga, alinipeleka ku shamba lake karibu na mupaka wa Parki ya Virunga. Nyani walikuwa wamevunja mahindi asubuhi. Nguruwe wa pori walikuwa wamechimbua mihogo usiku. Akaniambia: "Agronomu, niko na kalibre 12 ya marehemu baba yangu. Nikipiga mara moja tu, hawatarudia."

Nikamuuliza: "Papa, iko na makaratasi?"

"Makaratasi ilikuwa ya baba. Si mimi ni mutoto wake?"

Hasira yake naielewa. Mutu amelima miezi mine, anavuna majani. Lakini mbele ya sheria jibu lake halimulindi. Tuone sababu.

1. Silaha si zote sawa

Sheria ya silaha na risasi katika inchi yetu ni ordonansi-loi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Inatenga silaha za vita na silaha zingine. Kalashnikov ni silaha ya vita: hakuna mukulima anayeweza kuipatia ruhusa, hata kama aliiokota ku shamba. Kalibre 12 ya kuwinda inaweza kupewa ruhusa, lakini ruhusa inatangulia, bunduki inafuata. Hata gobori ya fundi wa kijiji ni silaha ya moto, si jembe.

2. Makaratasi ni mawili, si moja

Karatasi ya kwanza ni ruhusa ya silaha. Inaandikwa jina la mutu pamoja na namba ya bunduki. Kwa hiyo haiuzwi, haiazimwi, na hairithiwi kama shamba. Baba akifariki, bunduki inabaki bila mwenye ruhusa mupaka mutoto aombe ruhusa yake mwenyewe.

Karatasi ya pili ni permi ya kuwinda, ile tunaita kwa Kifaransa permis de chasse. Inatoka katika sheria ya uwindaji namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Mutu mwenye ruhusa ya silaha lakini hana permi ya kuwinda, akipiga munyama anavunja sheria. Na mwenye permi pia hawezi kupiga kila munyama: tembo na sokomutu wanalindwa kabisa.

Sheria inaelewa mutu aliyeua munyama ili aokoe maisha yake. Lakini anapaswa kuwajulisha wakubwa bila kukawia, na hiyo sababu haigeuze bunduki isiyo na ruhusa kuwa ya halali.

3. Mupaka wa parki

Parki ya Virunga iliundwa mwaka wa 1925, na tangu 1979 iko kati ya urizi wa dunia. Ndani yake kuwinda kumekatazwa kwa kila mutu. Munyama akikimbia kutoka ku shamba lako na kuvuka mupaka, usimufuate na bunduki. Gardi akikukuta pale, hatajua kama umetoka kulinda mahindi.

4. Wakati huu ni wa hatari zaidi

Tangu tarehe 6 Mei 2021, hali ya dharura ya kijeshi, ile tunaita état de siège, ilianza katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Madaraka ya jimbo na ya teritware yalipewa wakubwa wa jeshi na wa polisi. Na raia aliyekamatwa na silaha ya vita anaweza kupelekwa mbele ya tribinali ya kijeshi.

Tena fikirieni hivi. Hapa kwetu watu wameuawa ku mashamba. Askari akiona mutu na bunduki katikati ya kakao, kwa mbali, hataona memba wa koperative. Ataona adui. Hapo hakuna muda wa kuonyesha karatasi.

5. Na depo ya koperative je?

Vikundi vingine vinataka kumupatia mulinzi bunduki ya memba mumoja. Hapana. Ruhusa ni ya yule memba peke yake. Hata kampuni za ulinzi haziruhusiwi kuwapa walinzi wao bunduki. Ndiyo maana ku benki ya Butembo ao Beni munaona polisi mwenye silaha karibu na mulinzi mwenye fimbo.

6. Ukiwa na bunduki bila makaratasi, ufanye nini?

– Usiibebe barabarani, hata kama unaenda kuitoa.
– Uende kwanza mikono mitupu, pamoja na shefu wa lokalite ao mukubwa wa koperative, umueleze musimamizi wa teritware ao polisi.
– Wakija kuichukua, uombe karatasi yenye namba ya bunduki, tarehe na muhuri. Uitunze.
– Kama unataka kuomba ruhusa, uulize bei ya serikali, na usilipe kitu bila risiti.

Na wanyama? Nyani wanakuja muchana: mupange zamu ya kulinda kwa vikundi, pamoja na ngoma na imbwa. Mahindi na karanga muzipande mbali na mupaka wa pori. Uharibifu muuandike: tarehe, munyama, ukubwa wa shamba. Lalamiko la koperative nzima lenye tarehe linasikiwa kuliko la mutu mumoja. Usiku, hakuna muhindi unaolingana na uzima wa mutu.

Yule baba alinisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi kesho tutaenda kwa shefu." Tulienda. Bunduki ilibaki nyumbani.

Maswali ya kuzungumuza katika kikundi

1. Kwa nini ruhusa ya baba haimutoshe mutoto?
2. Mutu mwenye ruhusa ya silaha anakosa nini ili awinde?
3. Katika kijiji chetu, nani atasindikiza memba anayetaka kutoa bunduki bila woga?