SOMO LA AFYA KAZINI: KICHWA KIKIUMIA, TULINDE PUMZI



Katika pwani ya Quiterajo, wilaya ya Macomia, mnazi ni chakula na ni kazi. Lakini mkwezi akiteleza huanguka kutoka juu sana, na anaweza kuumia kichwa. Wengi wetu hutazama damu tu. Leo tujifunze hatari nyingine: pumzi.

Fuvu ni kama sanduku lisilotanuka. Ubongo ukivimba, au damu ikivuja ndani, shinikizo hupanda. Hapo mapafu huweza kudhurika kwa njia tatu.

Kwanza, aliyezimia hakohoi vizuri. Matapishi huingia mapafuni. Pili, pumzi hudhoofika, hewa chafu hubaki mwilini, mishipa ya ubongo hutanuka na shinikizo huzidi. Tatu, ubongo uliobanwa hufanya mishipa ya damu ikaze ghafula, na majimaji hupenya mapafuni. Katika dakika au saa chache mgonjwa hutweta na kutoa povu, pengine jekundu kidogo.

Kwa hiyo madaktari, kabla ya kupasua kichwa, hulinda pumzi kwa oksijeni, na kwa mashine ya kupumulia ikihitajika. Upande wa kichwani wa kitanda huinuliwa kiasi cha nyuzi 30. Maji ya mshipani hupimwa: yakizidi mapafu hujaa, yakipungua mno ubongo hukosa damu. Shinikizo lenyewe hupunguzwa kwa dawa au upasuaji. Baadaye kinywa husafishwa na mgonjwa hugeuzwa, asipate nimonia.

Sisi shambani tufanye nini?

1. Aliyezimia, watu wanne wamgeuze ubavu kwa pamoja, kichwa, shingo na mwili vikiwa mstari mmoja. Tufute matapishi.

2. Tusimpe maji, dafu wala dawa ya kunywa.

3. Tukumbuke saa aliyoanguka na saa aliyozimia, tumwambie mganga.

4. Aliyezinduka akiumwa kichwa na kutapika asiachwe alale nyumbani. Apelekwe mara moja.

Kutoka Quiterajo hadi hospitali ya jimbo mjini Pemba ni safari ndefu. Basi machela na gari si hisani ya mwajiri. Ni vifaa vya kazi, kama panga na kamba. Kila tawi lidai viwepo kabla mtu hajaanguka.

Swali la mkutano: mkwezi wetu akianguka leo, machela iko wapi, na gari ni la nani?