Maumivu ya Kisigino

Ndugu, je, ukiamka asubuhi na kukanyaga chini, kisigino kinakuchoma kama umekanyaga mwiba, kisha ukitembea kidogo maumivu yanapungua? Hakuna mwiba ndani. Usikubali mtu akukate kwa wembe ili autoe. Utapata kidonda tu, na maumivu yatabaki.

Chini ya unyayo kuna ukano mpana, mgumu kama kamba, unaotoka kisigino mpaka vidole. Kusimama siku nzima na kubeba mizigo mizito huuchosha, nao huumia pale unaposhikana na mfupa. Usiku unakazika, hatua ya kwanza inauvuta ghafula.

Basi uunyoshe kabla ya hatua ile. Keti kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole, uvivute juu hata usikie unyayo umekaza. Hesabu polepole mpaka 10, uachilie. Fanya mara 10, na tena mchana na jioni.

Kisha tia mikono ukutani, mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyoka. Egemea mbele, hesabu mpaka 30, mara 3. Kisigino kisiinuke! Wengi hukiinua, na kazi yote ni bure.

Wengine wanatuomba sindano siku ya kwanza. Anza na haya, majuma mengi, pengine miezi. Lakini kisigino kikivimba, au ukipata homa, au mguu ukifa ganzi, njoo kwa munganga upesi.