SOMO LA AFYA: Mwasho, Ganzi na Kelele Unapoutuliza Mwili

Mwendeshaji bodaboda anafika nyumbani saa tatu usiku. Mabega yamekaza na usingizi hauji. Anakumbuka zoezi la kutuliza mwili alilofundishwa, analala chali, anafumba macho na kuvuta pumzi polepole. Kabla dakika mbili hazijaisha pua inawasha, mate yanajaa mdomoni, mguu unakufa ganzi na mbwa wa jirani anaanza kubweka. Anainuka akisema zoezi hilo si la watu kama yeye.

Wengi huachia hapo. Hata hivyo, mambo hayo si ishara ya kushindwa.

Kwa nini hutokea
Ngozi, misuli na tumbo hupeleka taarifa kwenye ubongo mchana kutwa. Mtu akiwa kazini, ubongo huzipuuza nyingi. Akitulia, zinasikika, kama saa ya ukutani ambayo husikika usiku ilhali mlio wake ni uleule wa mchana. Kushtuka ghafla mtu anapokaribia kusinzia pia ni jambo la kawaida lisilo na madhara.

Kabla ya kuanza
• Nenda haja, legeza mshipi na uvue viatu.
• Jifunike leso au blanketi nyepesi, kwa kuwa mtu asiyesonga huhisi baridi haraka.
• Weka mto chini ya magoti, au keti kwenye kiti chenye egemeo. Mjamzito mwenye tumbo kubwa alale kwa upande.
• Waombe watu wa nyumbani wakupe dakika kumi.
• Usifanye zoezi hili ukiendesha chombo au chungu kikiwa mekoni.

Wakati wa zoezi
Mwasho: Utambue tu, kisha urudi kwenye pumzi. Mara nyingi hupungua wenyewe. Usipopungua, jikune mara moja, polepole, na uendelee. Kupigana nao kwa dakika tano huchosha kuliko kujikuna.

Mate na kikohozi: Meza au kohoa. Ukilala chali na mate yakusumbue, inua kichwa kidogo kwa mto.

Ganzi: Mara nyingi husababishwa na neva kubanwa. Badilisha mkao. Hakuna tuzo ya kuvumilia.

Misuli iliyokaza: Daktari Mmarekani Edmund Jacobson, aliyechapisha kitabu kuhusu njia hii mwaka wa 1929, alifundisha watu kutambua tofauti kati ya msuli uliokaza na uliolegea. Kunja ngumi kwa sekunde tano, kisha iachie. Fanya hivyo kwa mabega, uso, tumbo na miguu. Ruka sehemu yenye jeraha au maumivu.

Kelele: Mvua juu ya mabati au muziki wa jirani hauzimwi kwa hasira. Usikie, uuache upite, na uhesabu pumzi inayofuata.

Usichopaswa kupuuza
Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili si vikwazo vya zoezi. Acha mara moja, uite msaada kwa nambari 999 au 112, au upelekwe hospitalini. Ganzi isiyoisha baada ya kubadilisha mkao ichunguzwe katika kituo cha afya. Na kumbukumbu za tukio baya zikikujia, fumbua macho, kanyaga sakafu, taja vitu vitano unavyoviona, kisha zungumza na mhudumu wa afya.

Zoezi hili halichukui nafasi ya dawa. Mwenye shinikizo la damu aendelee kumeza dawa zake kama alivyoelekezwa.

Anza na dakika tano kila siku, saa ileile. Pua ikiwasha mara kumi na urudi kwenye pumzi mara kumi, zoezi limefanyika. Kule kurudi ndiko zoezi lenyewe.