MTUMISHI WA MUNGU HAULIZWI?

Rafiki kijana,

Labda umepewa karatasi hii uwanjani ukataka kuitupa. Moyoni unasema, "Hawa walokole nawajua. Mchungaji anakula sadaka, watu wanapiga makofi, na hakuna wa kumwuliza. Mimi dini sitaki!"

Ngoja kidogo, usiitupe. Leo hatubishani nawe. Mambo ya kutisha yamefanyika kwa jina la Yesu, na ni lazima tuyaseme wenyewe.

ALIYEKWENDA KUULIZA ALIUAWA

Jim Jones alianzisha kanisa Indianapolis, Marekani, miaka ya 1950. Alianza vizuri. Weusi na weupe waliketi pamoja, maskini walilishwa. Lakini kidogo kidogo neno lake likawa sheria. Watu walimpa mali zao, wakamfuata mpaka msituni Guyana, Amerika ya Kusini. Novemba 1978 mbunge Leo Ryan alikwenda kuangalia hali yao. Tarehe 18, alipokuwa akijiandaa kupanda ndege kuondoka, alipigwa risasi akafa. Siku hiyo hiyo watu zaidi ya 900 walikufa, wengi kwa sumu, wakiwamo watoto kama 300.

Unasema hayo ni ya Marekani? Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Ilitolewa miili zaidi ya 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Walionusurika walieleza kwamba waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakamwone Yesu. Mhubiri wao alishtakiwa, akakana mashtaka.

Mambo kama haya hayaanzi na sumu wala njaa. Yanaanza siku watu wanapoogopa kuuliza.

BIBLIA INASEMAJE?

Ukiuliza, utaambiwa, "Usimguse mpakwa mafuta wa Bwana!" Basi sikia. Fungua Zaburi 105. Maneno hayo yanamhusu Ibrahimu na jamaa yake walipokuwa wageni katika nchi za watu. Sasa fungua Mwanzo 20. Ibrahimu huyo huyo alificha ukweli juu ya mkewe. Abimeleki, mfalme wa Gerari, akamwita na kumwuliza kwa nini amewatendea hivyo. Je, Mungu alimpiga Abimeleki kwa kuuliza? Hapana! Ibrahimu alijibu. Kumdhuru mtumishi ni jambo moja, kumwuliza ni jambo jingine kabisa.

Endelea kusoma. Nabii Nathani alimkemea mfalme Daudi (2 Samweli 12). Paulo alimkanya Petro mbele ya watu wote (Wagalatia 2). Tena Paulo hakukubali kubeba fedha za msaada peke yake. Alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asije mtu akamlaumu (2 Wakorintho 8). Huyo ni mtume! Sasa wa leo ni nani hata ahesabu sadaka peke yake chumbani?

PIMA HIVI

1. Kiongozi huyu akikosea, nani anaweza kumkanya na hata kumsimamisha?
2. Sadaka inahesabiwa na nani? Waumini wanasomewa hesabu?
3. Je, anakukataza hospitali, shule, au wazazi wako?
4. Je, anakuita faraghani na kukwambia, "Usimwambie mtu"?

Ukiona hayo ya mwisho, ondoka! Mweleze mtu mzima unayemwamini. Kama ni uhalifu, nenda polisi. Hiyo si dhambi, wala hutalaaniwa.

YESU ALIKUBALI KUULIZWA

Usiku aliokamatwa, kuhani mkuu alimwuliza Yesu juu ya mafundisho yake. Yesu akajibu kwamba alifundisha hadharani, hana la siri, waulizwe waliomsikia. Hapo akapigwa kofi na mtu aliyeona kwamba mkubwa wa dini hajibiwi hivyo (Yohana 18). Umeona? Mwana wa Mungu hakuogopa kuulizwa. Yeye ndiye aliyepigwa na wale wasiotaka kuulizwa.

Na wewe je? Mchungaji mwovu atajibu mbele za Mungu, lakini hatajibu kwa ajili yako. Wewe nawe una mambo ya gizani ambayo hutaki hata mama ayaulize. Ugonjwa ni ule ule! Yesu alikufa msalabani kwa ajili ya dhambi hiyo, akafufuka. Mwambie hivi, kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, nimekuja kwako, si kwa mwanadamu. Nimetenda dhambi, sifichi tena. Nisamehe, unioshe kwa damu yako. Nipe moyo unaokubali kuonywa. Amina."

Umeomba? Karibu nyumbani! Sasa tafuta kanisa linalohubiri Neno, uende na Biblia yako. Watu wa Beroya walimsikia Paulo mwenyewe, na bado kila siku walichunguza Maandiko kama asemayo ni kweli. Biblia inawasifu kwa hilo (Matendo 17).

Kwa hiyo ukifika kanisani, sikiliza, soma, na uulize.