Simu Ikipotea, Jamaa Zako Watajuaje Uko Wapi?

Hebu weka simu yako kando, kisha uandike kwenye karatasi nambari ya mumeo au mkeo, ya mama yako na ya jirani mmoja. Nina hakika wengi wenu hawatafika ya pili.

Jioni moja nikiwa zamu tuliletewa mama wa makamo kutoka Mukuru kwa Njenga. Alikuwa ameteleza kwenye ubao wa kuvukia mtaro, akavunjika paja, na katika zile vurugu simu yake ikatoweka. Akili zake zilikuwa timamu, hata nyumba yake alituelekeza, lakini nambari ya mumewe hakukumbuka hata nusu. Tulimtibu, kwani Katiba ya 2010, kifungu cha 43, hairuhusu mgonjwa wa dharura anyimwe matibabu. Taabu ni kwamba alikuwa na kisukari, dawa zilikuwa nyumbani, wala hakujua majina yake. Mumewe alimpata kesho yake, baada ya kuzunguka hospitali tatu.

Zamani tulipopanga foleni kwenye vibanda vya simu, sarafu mkononi, vidole vilizirudia nambari hadi zikakaa kichwani. Siku hizi tunabonyeza jina tu. Isitoshe, hofu na maumivu huvuruga kumbukumbu, kwa hivyo nambari unayoijua kijuujuu ndiyo ya kwanza kukutoroka. Chagua mbili pekee. Zigawe tarakimu 10 katika mafungu: nne, tatu, tatu. Zitamke kwa sauti leo, kesho, baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki.

Lakini aliyezimia hawezi kutamka lolote. Weka nyuma ya kitambulisho chako kikaratasi chenye nambari hizo, ugonjwa ulio nao kama vile kisukari, kifafa au pumu, dawa unazotumia na ile inayokudhuru. Kifunike kwa selotepu pande zote; mafuriko ya 2024 yalipoingia Mukuru, karatasi za watu wengi ziligeuka uji. Mtoto mshonee nambari ndani ya sweta ya shule, si nje ambapo kila mpita njia ataisoma.

Kuomba simu mjini nako kuna kazi yake, maana kila mtu anaogopa matapeli. Usimwambie mtu akupe simu. Mtajie nambari aipige mwenyewe na kuweka sauti ya nje. Mwenye duka au wakala wa M-Pesa anayekufahamu ni bora kuliko mgeni. Jamaa asipopokea nambari asiyoijua (nami pia sipokei), atumiwe ujumbe wenye neno la siri mlilokubaliana nyumbani. Kama ni kuokoa maisha, anza na 999 au 112 za polisi, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, kisha mtume kijana barabarani akaingoje ambulensi. Vichochoro vya Njenga dereva mgeni havijui.

Kuna pia balaa linalokumba mtaa mzima. Tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba yalishika moto pale Sinai, na takriban watu 100 wakafa. Jamaa walizunguka wodi na mochari, na miili mingine ilitambuliwa kwa uchunguzi wa DNA tu. Siku kama hiyo kikaratasi huungua pamoja na mwenyewe. Wanaonusurika ndio wanaotakiwa kupatikana upesi, ili ijulikane ni nani hasa hayupo. Basi kubalianeni mahali pa kukutania nje ya mtaa, na mtu mmoja asiyeishi Nairobi, tuseme shangazi aliye mashambani, ambaye kila mmoja wenu atampigia kusema yu hai. Yeye atawaunganisha.

Nambari ya shangazi huyo ndiyo ninayowashauri mwanze kuikariri, watoto wakiwemo. Na akibadilisha laini, vikaratasi vyote viandikwe upya siku hiyo hiyo.