Vidole viwili mbele ya macho: ni tiba au kiini macho?

SWALI: Daktari, mume wangu alikuwa na miaka tisa vita vilipoanza mwaka 1993, kwao Kamenge. Mchana ni mtu mpole, kazini hana neno na mtu. Lakini mvua za radi zikianza, usiku anaruka kitandani akipiga kelele, namkuta amejibanza nyuma ya mlango akitetemeka. Mwenzake wa kazini amemwambia kuna mtaalamu anayetibu hofu za namna hiyo kwa kukupitishia vidole mbele ya macho. Shangazi yake anasema hicho ni kiini macho. Yeye mwenyewe anasema hawezi kumsimulia mtu aliyoyaona. Je, nimsukume aende? – Mama wa watoto watatu, Buyenzi, Bujumbura.

JIBU: Dada yangu, usimsukume, msindikize. Na umwambie shangazi kwa heshima zote kwamba hiki si kiini macho. Mwenye kiini macho anakuficha anachokifanya. Katika tiba hii mgonjwa yuko macho, anajua kila hatua, na akiinua mkono kuomba kupumzika, mtaalamu anasimama papo hapo.

Inaitwa EMDR. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, alikuwa akitembea bustanini akagundua kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yanapungua makali macho yake yanapokwenda huku na huku. Akalifanyia kazi jambo hilo, na mwaka 1989 akachapisha utafiti wake wa kwanza. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka miongoni mwa tiba za kiwewe linazopendekeza, kwa watu wazima na kwa watoto.

Kikao chenyewe kiko hivi. Mumeo na mtaalamu wamekaa karibu, viti vimepishana kidogo. Mtaalamu anamwomba mumeo akumbuke picha moja tu, ile inayouma zaidi, na aseme inamuuma kiasi gani kati ya sifuri na kumi. Kisha anainua vidole viwili na kuvipeleka kushoto na kulia, na mumeo anavifuata kwa macho bila kugeuza kichwa. Baada ya nusu dakika hivi vidole vinashuka. “Vuta pumzi. Sasa kuna nini?” Huenda atajibu: kifua kinabana. Au: namwona mama. Vidole vinapanda tena. Inaendelea hivyo mpaka ile kumi ishuke, na kikao chaweza kuchukua saa moja au moja na nusu. Macho yakichoka, mtaalamu humgonga taratibu viganjani, mkono huu na huu, kwa zamu.

Kwa nini isaidie? Mfikirie muuza vitenge wa soko la Ruvumera anayehesabu noti huku mteja mwingine anamuuliza bei: hesabu inamvurugikia. Akili ina nafasi finyu ya kushika mambo kwa wakati mmoja. Kumbukumbu ikigombania nafasi hiyo na vidole, inarudi ikiwa imefifia, na kila ikirudi hivyo inapungua nguvu. Hayo ndiyo maelezo yanayoungwa mkono zaidi. Wapo watafiti wanaoshikilia kwamba macho hayaongezi kitu kikubwa, kwamba kinachoponya ni kuikabili kumbukumbu ukiwa mahali salama. Ubishi huo haunizuii kumwambia mgonjwa aende.

Ila sababu yangu kubwa ni ile uliyoiandika mwishoni: hawezi kusimulia. Katika mji ambao aliyetenda na aliyetendewa huenda wanachota maji bomba moja, ukimya wa mumeo si ukaidi, ni ngao iliyomlinda zaidi ya miaka 30. Tiba hii haimnyang’anyi ngao hiyo. Picha anaiona yeye moyoni, na mtaalamu hahitaji kuisikia yote.

Wataalamu waliosomea hasa tiba hii bado ni wachache, basi msikubali kila anayejua kupunga vidole. Ulizeni amesomea wapi na nani anamsimamia. Akianza na vidole siku ya kwanza, ondokeni: vikao vya mwanzo ni vya kumjua mgonjwa na kumfundisha kujituliza. Kama ana kifafa au amewahi kutamani kufa, ayaseme hayo kwanza. Na tafadhali, msijaribu nyumbani. Kufungua kidonda ni rahisi kuliko kukifunga.

Pa kuanzia ni kile kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, cha watawa wa Frères de la Charité. Najua watu wanaona haya kuonekana wakiingia pale, na kwake Kamenge yenyewe ina uzito wake. Ndiyo maana nasema msindikize. Huenda akapewa tiba nyingine, ambayo maisha yanapangwa sakafuni kwa kamba, jiwe kwa kila msiba na ua kwa kila furaha, halafu yanasimuliwa kwa mpangilio. Imefanyiwa utafiti hapa kwetu Burundi, kwa vijana waliotoka mitaani. Hiyo inadai maneno, kwa hiyo aingie akiwa tayari.

Jambo moja nililoliona katika barua yako: mvua za radi. Zinarudi majira yale yale ya Oktoba, na tarehe 21 nchi nzima inamkumbuka Rais Ndadaye aliyeuawa mwaka 1993. Mwili wa mumeo unaijua kalenda hiyo hata asipoitazama. Ihahamuka, yaani kiwewe, huja na majira yake. Mtafuteni mtaalamu kabla ya Oktoba.

Na usiku wa leo, akiruka tena, usimkamate wala usimtikise, maana anaweza kukupiga kabla hajakutambua. Washa taa. Simama anapokuona, umwite kwa jina lake. Mwambie akanyage saruji kwa miguu mitupu, aisikie ubaridi wake, akutajie vitu vitano anavyoviona chumbani. Kisha mwambie, polepole na zaidi ya mara moja: hii ni radi, tuko nyumbani Buyenzi, watoto wamelala, ni mimi.