Dagaa hukaukaje bila maji kuchemka?

SWALI: Nachukua dagaa mwaloni Musoma nauza Bunda. Shuleni tuliambiwa maji yakichemka huwa mvuke. Mbona dagaa wanakauka juani tu?

JIBU: Maji hayangoji kuchemka. Chembe zake zimeshikana lakini zinateleza, na kasi yao hailingani. Zile za juu zenye nguvu zaidi hujinasua, zikaingia hewani na kutawanyika kila upande. Jua huziongezea kasi. Upepo wa ziwani nao huondoa mvuke uliotanda juu ya samaki, la sivyo chembe nyingi zingerudi. Ndiyo maana siku za mvua, hewa ikiwa imejaa unyevu, dagaa hugoma kukauka na wengi huoza.

Kuchemka ni jambo jingine: mvuke hujiunda hata ndani ya maji, mapovu yakapanda. Kwenu, kwa kuwa Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hutokea kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mifupa ya dagaa nayo haipotei hewani kama maji kwa sababu ni yabisi. Chembe zake hutetemeka papo hapo, haziendi popote.

Basi, kwa kuwa upepo husaidia kukausha, nunua dagaa walioanikwa kwenye chanja, si mchangani. Chanja hupitisha hewa hata chini.